Kutoka Fundi hadi Mkandarasi Aliyesajiliwa: Ushauri kwa Mafundi wa Iringa

Fundi anaweza kujenga nyumba imara Kihesa na Mtwivila kwa miaka mingi, akasifiwa mtaa mzima, na bado asiwe mkandarasi mbele ya sheria. Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17 ya mwaka 1997, inakataza mtu kufanya kazi za ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo wengi tunaiita CRB. Nilianza kama fundi mwashi hapa Iringa, na leo kampuni yangu imesajiliwa kwa kazi za majengo. Naandika kwa sababu mafundi hodari wa mji huu wanakatishwa tamaa na maneno ya vijiweni kwamba usajili ni wa matajiri wa Dar es Salaam, jambo ambalo si kweli.

Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la juu kabisa, na kila daraja lina sifa zake za wataalamu na vifaa pamoja na ukomo wa thamani ya kazi moja. Kwa mji wa ukubwa wetu, ambako kazi nyingi ni nyumba za kuishi, madarasa na zahanati, nashauri uanze na daraja la saba. Usajili wa kampuni BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na namba ya mlipakodi ni mambo ya kawaida. Hakikisha tu kwamba ujenzi umetajwa miongoni mwa shughuli za kampuni.

Kazi kubwa iko kwa mtaalamu. Bodi haisajili umaarufu wa mwenye kampuni, bali hutazama nani atakayesimamia kazi kitaalamu, na kama wewe huna cheti cha ufundi sanifu au shahada inayotakiwa, lazima uwe na mwenye nacho. Hapo ndipo wengi hushawishiwa kukodi vyeti: mtaalamu anayeishi mkoa mwingine hulipwa kidogo, jina lake huingizwa kwenye fomu, na saiti haijui hata kwa sura. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa jengo likipata nyufa au linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, ikikatika, wanaoumia ni watoto waliokaa chini yake.

Mimi nilimtafuta fundi sanifu aliyekuwa akiishi hapa hapa mjini, nikampa hisa katika kampuni badala ya posho ya jina. Siku moja, kabla hatujamwaga zege la linta ya darasa, alipima nafasi kati ya ringi, vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, na kukuta baadhi zimeachana sentimita 30, ilhali mchoro ulitaka 15. Zege lilisubiri hadi nondo zikafungwa upya. Vijana walinung'unika kwa sababu saruji ilikwisha kupangwa na maji yalikwisha kuchotwa, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyefunga ringi bila kushika futi mkononi.

Vifaa navyo viwe na nyaraka. Mashine ya kuchanganyia zege, vibreta vya kushindilia zege na gari havitoshi kuwapo uani. Risiti na kadi ya gari viwe na jina la kampuni, si la shemeji aliyekuazima. Kwa shughuli za ana kwa ana, ofisi ya kanda yetu iko Mbeya, kwa hiyo piga simu kwanza uulize mahitaji na ada za wakati huo, maana hubadilika, na nauli ya kurudi na fomu yenye upungufu inauma.

Ukishapata cheti, ada ya mwaka ilipwe kwa wakati, kwani kampuni zinazolimbikiza madeni hufutwa kwenye daftari. Kila mradi usajiliwe Bodi na bango lisimame saiti. Zabuni za serikali sasa hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao, kwa hiyo jisajili huko mapema, kabla hujaona tangazo unalolitaka. Tena, mwombe mteja barua ya kukamilika kwa kazi siku ileile anapokabidhiwa funguo, angali ameridhika, kwa sababu utakapoomba kupanda kwenda daraja la sita utatakiwa kuonyesha kazi ulizofanya, na mteja aliyehamia Mwanza ni vigumu kumpata.