Baharini nilihitaji watu kuliko nilivyowahitaji mjini

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, mtu anaweza kuishi vizuri mbali na watu?" Waliojibu kabla yangu wametaja shamba la mbali, msitu, hata kisiwa kisicho na mkazi. Mimi na mume wangu tumeishi ndani ya boti ya matanga kwenye Pasifiki ya Kusini, kuanzia Visiwa vya Marquesas, katika Polinesia ya Ufaransa, hadi Fiji, na jibu langu ni hapana. Sisemi hivyo kwa ajili ya upweke, maana upweke unazoeleka. Nasema hivyo kwa kuwa kule ambako ramani ni maji matupu ndiko nilikotegemea watu kila siku, tena watu nisiowajua, kwa namna ambayo Mombasa sikuwahi kuijua.

Maisha yenyewe hayana mengi ya kusimulia. Mna kitanda, tangi za maji, paneli za sola, redio, na jiko la gesi linalobembea ili sufuria isimwagike boti inapolala upande. Kutoka visiwa vya Galápagos, upande wa Amerika ya Kusini, hadi Marquesas ni kama maili 3,000 za baharini, wiki tatu hivi upepo ukiwa mzuri, bila kuona nchi kavu. Usiku mnashika zamu: mmoja analala, mwingine anaangalia tanga, dira na taa za meli. Maji matamu ni ya kunywa na kupikia. Kuoga ni maji ya chumvi, kisha kikombe kimoja cha kujisuuza. Mvua ikija mnatandaza turubai mkakinga. Mabaharia wa majahazi yetu wameishi hivyo kwa karne nyingi na hakuna aliyewaita mashujaa.

Mambo yalianza tulipotia nanga. Marquesas ni milima mirefu inayochomoka baharini, na ufukweni nikaona minazi, miembe na mishelisheli, nikahisi nimefika Tanga. Shelisheli asili yake ni huko huko Pasifiki. Mama mmoja aliyekuwa akipara samaki gatini alitujazia kapu mabalungi na maembe, na mume wangu alipotoa pesa akakunja uso. Alichokihitaji tulikijua kesho yake: kamba. Kamba ambayo sisi tuliiona imechakaa, kwake ilitosha kufungia mashua ya mwanawe, na huko dukani kamba ni ghali kwa sababu kila kitu kinakuja kwa meli. Meli hiyo hiyo ndiyo inayorudi na mbata za wenyeji.

Kusini-magharibi ya hapo ni visiwa vya Tuamotu, pete za matumbawe zisizozidi minazi yake kwa urefu. Katikati ya kila pete kuna maji yaliyotulia, lakini mlango wa kuingilia mara nyingi ni mmoja au miwili, na mkondo unaotoka unaweza kuishinda injini ya boti ndogo. Unasubiri maji yasimame. Unaingia jua likiwa juu na nyuma yako, mtu amesimama gubetini, mbele kabisa ya boti, anasoma rangi ya maji: samawati iliyoiva ni kina, kahawia ni mwamba. Ndani ya pete moja mnyororo wa nanga yetu ulijizungusha kwenye matumbawe. Kijana wa pale alituona tunahangaika, akapiga kasia hadi kwetu, akazamia bila mtungi wa hewa na kuufungua kidogo kidogo, pumzi moja baada ya nyingine. Hakutuambia hata jina lake hadi tulipomlazimisha kunywa chai.

Yeye ndiye aliyetukataza chewa tuliyekuwa tumemvua asubuhi ile. Samaki wa miambani katika visiwa vile huweza kubeba sumu ya ciguatera, inayotokana na vijimea vidogo sana vinavyoota kwenye matumbawe. Samaki wadogo wanavila, wakubwa wanawala wadogo, na sumu inazidi kujilimbikiza. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, na samaki hanuki wala habadiliki ladha. Mgonjwa hutapika, midomo humfa ganzi, na maji baridi huyahisi yanamchoma kama moto. Sasa, ni upande gani wa mlango una samaki salama na upande gani hauna? Kitabu cha mwongozo hakisemi. Anajua mkazi, kwa kuwa shangazi yake aliwahi kuugua. Tangu siku hiyo sikupika samaki wa mwambani kabla ya kumwonyesha mwenyeji.

Kuna kisiwa katika Visiwa vya Cook kiitwacho Palmerston, na hicho ningependa kila aliyejibu swali lenu akione. Wakazi wake hawafiki mia moja, na karibu wote ni wa uzao wa Mwingereza mmoja, William Marsters, aliyelowea hapo miaka ya 1860 pamoja na wake zake wa Kipolinesia. Hakuna uwanja wa ndege. Meli ya mizigo inakuja mara chache kwa mwaka. Ukitokeza, mashua zinatoka kukupokea, na ile itakayokufikia kwanza ndiyo familia yako hadi utakapoondoka. Wanakufungia boti kwenye boya nje ya mwamba, wanakupitisha wenyewe kwenye kijia chembamba cha matumbawe, wanakulisha. Sisi tulikuwa tumetoka Rarotonga, kisiwa kikuu cha Cook, na mizigo tuliyokabidhiwa na ndugu zao: barua, dawa, vipuri vya injini ya mashua. Jumapili tukaenda nao kanisani, kisha tukakaa mezani mpaka jioni. Mwenyeji wetu aliniuliza habari za mama yangu, na siku tuliyoaga akaniuliza tena, kwa jina lake.

Fiji kuna adabu zaidi, na mimi naipenda adabu hiyo. Baada ya kugonga mihuri yote bandarini Savusavu, tulinunua sokoni mafungu ya mizizi ya yaqona, ambayo husagwa na kutiwa maji ikawa kinywaji cha heshima, kisha tukabisha dhidi ya upepo kuelekea mashariki, visiwa vya Lau. Kule huingii tu. Unavaa vazi la kufunika magoti (leso yangu ya Mombasa ilifaa kabisa), unavua kofia na miwani ya jua, na unapelekwa kwa mkuu wa kijiji. Unaketi mkekani na kuweka fungu lako mbele yake. Msemaji wake analipokea kwa maneno ya heshima, watu wanapiga makofi, kinywaji kinazunguka. Hiyo ndiyo sevusevu. Baada ya hapo wewe ni mtu wao, na likikupata baya ni jukumu lao. Kabla ya hapo hata kuogelea ni utovu wa adabu, kwa sababu miamba na maji yake ni eneo la uvuvi la ukoo. Kutia nanga na kuanza kuvua ni sawa na kuingia uani kwa mtu bila hodi ukafungua chungu chake.

Nimewasikia mabaharia wakilalamika kwamba mambo haya yanawapunguzia uhuru. Malalamiko yalizidi mwaka 2020, nchi za visiwa zilipofunga mipaka kwa ajili ya korona na boti zilizokuwa katikati ya bahari zikasikia redioni kwamba bandari za mbele hazipokei mtu. Naelewa hofu yao. Lakini niko upande wa visiwa, bila kusita. Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitoka Auckland, New Zealand, ikafika bandari ya Apia na homa ya mafua, na katika muda wa majuma machache takriban mtu mmoja katika kila watano wa Samoa Magharibi akafa. Jirani zao wa Samoa ya Marekani walifunga bandari zao na homa haikuua mtu. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo wana haki kamili ya kuamua nani ashuke na lini.

Hata ujuzi wa kuvuka bahari ile ni amana ya watu. Mwaka 1976 chombo cha matanga kiitwacho Hōkūleʻa kilisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti bila dira wala kifaa kingine, kwa nyota na mawimbi. Hawaii ujuzi huo ulikuwa umeshapotea, kwa hiyo aliyekiongoza ni Mau Piailug, kutoka kisiwa kidogo cha Satawal, Mikronesia. Baadaye alikubali kuwafundisha Wahawaii, ingawa kwao elimu ile haikuwa ya kutolewa kwa mgeni. Nasi wa Pwani tumo: mirengu ya ngalawa zetu, ile miti ya ubavuni inayozizuia zisipinduke, inahusishwa na mabaharia wa jamii moja ya lugha na hao wa Pasifiki, waliofika hadi Madagaska.

Kwa msomaji anayefikiria kwenda, shughulikia viza kwanza. Pasi ya Kenya inahitaji viza kwa Polinesia ya Ufaransa, na ile ya Schengen peke yake haitoshi. Msimu wa vimbunga ni Novemba hadi Aprili, kwa hiyo ukifika Oktoba uwe unajiandaa kushuka New Zealand au kusogea karibu na ikweta. Beba kamba, ndoana, unga, betri na miwani ya kusomea ya nguvu mbalimbali, maana wazee watakuomba. Na usijaze boti mali yako pekee. Kila bandari utakayopita ina mtu mwenye ndugu kisiwa cha mbele, na atakuja na kifurushi.