Jeki zinazama mchangani, niinue motahomu mpaka tairi zielee?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimenunua motahomu, lile gari lenye nyumba ndani, mkono wa pili kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ina jeki nne za haidroliki, wabonyeza swichi tu zinashuka. Nimeiegesha shambani kwetu Mambrui, ardhi inateremka kidogo upande wa bahari, sasa jeki za upande wa chini zinazama mchangani, friji ya gesi haigandishi na mlango wa choo unajifungua wenyewe usiku. Jirani aniambia niinue tu, hata tairi za nyuma zikielea si neno. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na huyo jirani usimwache karibu na hizo swichi. Handbreki kwenye magari mengi inashika tairi za nyuma peke yake, na kama gari inasukumwa na tairi za nyuma basi hata gia inashika hizohizo, kwa hivyo ukizinyanyua hewani gari haina breki tena, imesimama juu ya vyuma vinne vya kubeba uzito unaotoka juu, si vya kusukumwa ubavuni, na ardhi yenyewe ushasema inateremka. Ikianza kwenda hakuna wa kuishika.

Jeki kazi yake ni kumalizia tu. Kusawazisha kwenyewe kunafanywa na tairi kupanda mbao kabla hujagusa swichi. Hebu azima pimamaji kwa fundi wa mjengo, ilaze juu ya ubao ulionyooka wa mita 1, pale tairi zitakapokaa, nyanyua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati halafu pima pengo. Tuseme umepata sentimita 4, na kutoka tairi ya kushoto mpaka ya kulia ni mita 1.8, basi upande wa chini wataka karibu sentimita 7, yaani ubao wa inchi 2 na juu yake wa inchi 1, umepangwa kama ngazi ili gari ipande polepole. Kama nyuma ni tairi dabo, zote mbili zikanyage ubao, usiache moja inaning'inia. Ikishapanda piga handbreki, tia kabari mbele na nyuma ya tairi, ndio sasa ushushe jeki.

Na mchanga nao, zile jeki zinazama kwa sababu kiatu chake, lile bamba linalokanyaga ardhi, ni kidogo. Kiatu cha sentimita 10 kwa 10 ukikiwekea ubao mnene wa 30 kwa 30 uzito uleule unagawanyika mahali pakubwa mara 9. Mbao za mnazi ni sawa lakini chagua za pembeni ya gogo, za katikati ni laini, zinabonyea kama sponji. Bloki usiweke kabisa. Mimi niliwahi kuweka bloki chini ya jeki, ilikaa vizuri wee nikaenda kunywa chai, ikapasuka ghafla bila hata kulia, gari ikalala upande na taniboi wangu ndio kwanza alikuwa ametoa mkono. Tangu siku hiyo chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake haingii mtu, hata kuokota spana. Halafu uliza wazee hapo shambani kama hapakuwa na shimo la choo la zamani, maana likishafukiwa juu huoni kitu, jeki ndiyo itakayokuonyesha.

Ukishusha jeki, shusha mbilimbili, za mbele pamoja kisha za nyuma pamoja. Ukiinua kona moja peke yake chesisi inajikunja, milango inagoma kufunga na hata kioo cha mbele chaweza kupasuka.

Friji yako kwa sasa izime. Hizo za gesi hazina kompresa, ndani mna amonia na maji yanayotembea kwa kuteremka yenyewe, gari ikiinama yanakwama, moto unaendelea kupika pahali pamoja na friji inaharibika moja kwa moja. Nyingi zinavumilia kama digrii 3, ambayo ni kama sentimita 5 kwa kila mita, zaidi ya hapo usiwashe. Usawa pima ndani ya friji yenyewe, si kwenye dashibodi.

Asubuhi rudia kupima, mchanga unajishindilia usiku, na ikinyesha ndio zaidi. Kama uko karibu sana na ufuo, angalia bamvua isije ikakufuata ukalala jeki ziko majini. Siku ya kuondoka, jeki zote ziwe zimerudi juu, zunguka uzione kwa macho usiamini taa ya dashibodi.

Mlango wa choo, gari ikikaa sawa na bado unajifungua, hapo ni kitasa.