Wa kwanza kuumia hayumo kwenye daftari la mishahara

Swali lenu la wiki hii linauliza: uchumi ukiyumba, Serikali ianze kukata wapi, kwenye mishahara au kwenye miradi? Nimekuwa mhasibu katika halmashauri mbili za mkoa huu wa Dodoma kwa miaka 27 kabla sijastaafu, na naona swali limeruka hatua. Kabla mshahara wa mtu haujaguswa, na kabla mradi wowote haujatangazwa kusimama, kuna fedha ambazo huwa zimeshakatwa kimya kimya. Nitazungumzia hizo.

Biashara ikidorora, kodi hushuka kila upande kwa mpigo. Mzigo bandarini unapungua, VAT inapungua kwa kuwa watu hawanunui, na kampuni zikipunguza watu kodi ya mishahara yao nayo imekwenda. Deni la Taifa halisubiri. Mishahara ya watumishi lazima itoke. Vikishatoka hivyo viwili, kinachobaki ndicho kinachogombewa na miradi pamoja na OC, yaani matumizi mengineyo ya ofisi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Hazina imezoea kutoa fedha kwa kadiri ya makusanyo, kwa hiyo kifungu kilichopitishwa na Bunge mwezi Juni kinaweza kusoma milioni mia moja na ofisi ikapokea arobaini.

OC ndiyo mafuta ya gari la huduma za mkoba, ile kliniki inayowafuata akina mama na watoto vijijini. Ndiyo umeme wa ofisi, wino, nauli ya likizo ya mwalimu, fedha ya uhamisho. Mwezi ambao OC haijatoka hakuna aliyefukuzwa kazi. Nesi yupo, gari lipo, chanjo ipo kwenye jokofu, na mama wa kijijini anasubiri chini ya mbuyu mpaka jua linageuka. Kwenye taarifa ya robo mwaka tunaandika "shughuli haikutekelezwa kwa ukosefu wa fedha". Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote kazini, na kila mara nilijua ni nani aliyekuwa akisubiri.

Halmashauri zina shida yake ya ziada. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei. Bei ya alizeti ikianguka, anaumia mkulima, na ushuru unaanguka naye. Mapato ya ndani hayo hayo ndiyo yanayotengewa asilimia 10 ya mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Angalieni hapo. Mwaka ambao kikundi cha akina mama kinahitaji mkopo kuliko miaka yote, ndio mwaka ambao fungu la mkopo limekonda.

Jirani yangu hapa Nkuhungu anapika chakula cha semina na mafunzo. Mwaka mmoja wa hali ngumu ofisi moja ya umma ilimpa kazi ya siku nne, watu sitini, chai na chakula cha mchana. Alikopa VICOBA, kile kikundi cha mtaani cha kuweka na kukopa, akanunua mchele, nyama na kuni. Hati zake zote zilikuwa sawa. Nilizikagua mwenyewe mezani kwake. Jibu alilopewa kila alipokwenda lilikuwa "mama, vuta subira, fedha hazijaingia". Alisubiri miezi kumi na minne. Riba ya VICOBA haikusubiri, akauza ng'ombe wawili waliokuwa kwa kaka yake Bahi, kisha akawaambia wasichana wawili waliokuwa wakimsaidia kwamba hawezi kuwalipa tena. Ajira mbili zimekufa kwa sababu ya bajeti ya umma, wala hakuna takwimu ya utumishi itakayozihesabu. Wale wasichana hawakuwamo kwenye daftari lolote la mishahara.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025 pia, Marekani iliposimamisha misaada yake. Vijana waliokuwa wakitoa ushauri na dawa za kufubaza VVU kwenye zahanati za umma kwa mikataba ya miradi waliambiwa warudi nyumbani. Mgonjwa alikuwa akiwaita "daktari" kama wengine. Kwenye ikama ya Serikali, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, hawakuwepo.

Wapo wanaosema afadhali kukata watumishi wenyewe, tubaki na wachache wanaolipwa vizuri. Tulishafanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya miaka mingi ya uchumi kuporomoka na kwa masharti ya wakopeshaji, makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa nchi nzima. Kaka yangu mkubwa, karani wa masjala, alikuwamo. Alichukua kiinua mgongo akanunua mashine ya kusaga, akaifunga Mpwapwa. Wenzake watatu waliopunguzwa siku ile ile nao walinunua mashine za kusaga. Mashine nne mji mmoja mdogo, na watu waliokuwa na mishahara ya kulipia debe la mtama ndio hao hao waliokuwa wamepunguzwa. Ndani ya miaka miwili, mashine tatu zilikuwa zimenyamaza. Sina nia ya kutetea kila kiti cha ofisini, maana masjala ile ilikuwa na makarani wengi kuliko mafaili. Ninachosema ni kwamba mshahara wa Serikali katika mji kama huu ni mvua. Tangu Serikali ilipohamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, soko la Majengo, vyumba vya kupanga Ipagala na bodaboda wa Kisasa vyote vinakunywa humo.

Njia ya siku hizi ni laini zaidi: hafukuzwi mtu, ila anayestaafu hazibiwi pengo. Nafasi inabaki kwenye ikama na kibali cha ajira hakitoki. Shule moja niliyokuwa naipelekea fedha ilitakiwa kuwa na walimu kumi na mmoja, ilikuwa na watano, na wazazi walikuwa wakichangia mahindi kumlipa kijana wa kujitolea. Huko nako ni kupunguza wafanyakazi, hata kama barua haikuandikwa.

Mwaka 2020 ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka karibu asilimia 7 hadi 4.8. Mwaka uliofuata Serikali ilichukua mkopo wa IMF, na trilioni 1.3 zikaenda kwenye mpango wa UVIKO-19, yakiwemo madarasa 15,000. Mafundi, wafyatua matofali na wabeba mchanga wa vijijini walipata fedha wakati ambao hakuna mwingine aliyekuwa akijenga. Naunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini darasa jipya linataka mwalimu, na mwalimu anataka kibali.

Kwa hiyo jibu langu. Zikatwe sherehe na magari makubwa kwanza. Desemba 2015 fedha za maadhimisho ya Uhuru zilihamishiwa upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco pale Dar es Salaam, zikaendelea kulipa vibarua badala ya kulala. Vibali vya walimu na wauguzi visiguswe. Na madeni ya wazabuni wadogo yaliyokwisha kuhakikiwa yalipwe kabla ofisi haijaruhusiwa kuagiza kitu kipya, hata kama ni kalamu.

Jirani yangu alilipwa hatimaye, fedha yote, bila hata shilingi ya kumfidia riba. Amerudi kupika, ila kazi za ofisi hazichukui tena. Msichana mmoja alisharudi kwao Kondoa, mwingine anafulia watu nguo Area C.