Jibu: Kuku anaacha mayai saa za joto, Pawaga (Iringa)

Habari ndugu. Umesema kuku wako wa kienyeji yuko siku ya tisa ya kuatamia, na tangu joto la Oktoba lianze anashinda nje ya kiota mchana, mdomo wazi.

Anza na utitiri. Leo usiku inua majani ya kiota kwa tochi, maana ndipo wanapotoka kunyonya damu, na joto huwazalisha haraka. Ukiwakuta, choma majani yote, weka makavu mapya juu ya majivu.

Kiota kikiwa safi, basi shida ni bati la paa. Banda fupi lisilo na dari huoka kuku na mayai pamoja. Tandika nyasi nene juu ya bati, toboa madirisha ya waya pande mbili. Ukilazimika kuhamisha kiota, fanya gizani, kuku akiwa juu yake. Ukikihamisha mchana, atakirudia kile cha zamani. Maji yawe karibu, uyabadilishe saa sita.

Kutoka nusu saa kwa siku ni kawaida, usimfungie. Idadi ya mayai hukuitaja: 10 hadi 12 yanamtosha. Yamulike kwa tochi gizani uone ndani. Lenye mishipa ya damu liache, lililo angavu tupu litoe.