Kisu cha Mtu wa Ndege: Ukitaka Kumkumbuka Rubani Aliyepotea Vitani

Babu yangu alimenya machungwa kwa kisu kimoja maisha yake yote. Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja, mpini wa pembe, herufi mbili zimechongwa ubavuni. Sisi wajukuu tuliokulia Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, tulijua kisu hicho hakiazimwi. Ukimwuliza ni cha nani, jibu lilikuwa lile lile: "Cha mtu wa ndege. Akirudi atakidai."

Mtu wa ndege hakurudi. Alikuwa rubani kijana wa Afrika Kusini, mmoja wa walioletwa Kenya mwaka 1940, Italia ilipoingia vitani mwezi Juni na mpaka wetu wa kaskazini ukageuka uwanja wa mapigano. Babu alikuwa kibarua wa miaka kumi na saba katika uwanja wa ndege wa Eastleigh, pale palipo na kambi ya Jeshi la Anga siku hizi. Nimetumia miaka mingi kumtafuta rubani huyo, na jamaa na majirani huniuliza wao waanzie wapi na kumbukumbu za wazee wao. Nawaambia niliyojifunza, pamoja na makosa niliyofanya.

Usimwulize mzee habari za vita. Mwulize kazi. Mwaka 1996 niliweka redio ya kaseti mezani nikamwambia babu, "Hebu tuambie habari za vita." Akanipa hotuba: Kingi Joji, Mtaliano, ushindi. Dakika ishirini, wala hamkuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Kesho yake nikamwuliza tu, "Babu, ukifika kazini asubuhi ulianza na nini?" Akanyamaza kidogo, kisha mikono yake ndiyo iliyoanza kusema. Petroli ililetwa kwa madebe. Yeye alitoboa debe, mwenzake akamimina kwenye faneli iliyotandikwa ngozi laini ya kuchuja maji, maana maji yakipenya, injini huzima angani. Akanionyesha jinsi walivyoikamua ile ngozi, vidole vyake vya uzee vikipinda hewani kana kwamba imo bado. Ndege zenyewe, alisema, zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Nilikuja kujua baadaye kwamba ni Hawker Fury, ndege zilizokuwa zimeshapitwa na wakati hata kabla ya vita kuanza.

Siku moja debe likamshinda. Rubani akatoa kisu mfukoni, akampa. "Alinipa kwa mkono wa kushoto," babu alisema. "Nikaona huyu ananidharau. Halafu nikamwona anatia sahihi karatasi kwa mkono ule ule, nikajua ndivyo alivyoumbwa." Akapanda ndege, akaruka, kisu kikabaki.

Maneno kama hayo yaandike yalivyotoka. Mimi nusura niifute sehemu ya mkono wa kushoto nilipokuwa nanakili kaseti. Niliona haina maana.

Jambo la pili ni kutenga alichokiona mzee na kile ukoo ulichoongezea. Kwetu hadithi ilikuwa imenenepa. Ami zangu walisimulia kwamba rubani aliangusha ndege tano za Mtaliano kabla ya kuuawa. Kwenye kaseti, babu hasemi hivyo hata mara moja. Anasema mvua ilikuwa imetanda, kijana akaondoka, jioni wakamngoja, giza likaingia. Basi.

Wala usikate tamaa mzee akikosa tarehe. Babu hakujua mwezi wa kizungu, lakini alijua kwamba ilikuwa wiki ya pili baada ya Idi, kwa sababu alikuwa bado anavaa viatu vipya. Idi ya kumaliza Ramadhani mwaka 1940 iliangukia mwanzoni mwa Novemba. Kwa hiyo nilikuwa na juma moja, jeshi moja na herufi mbili za mpini. Wazee wengi wana kalenda ya namna hiyo: mfungo, mavuno, nzige, tohara. Iheshimu, kisha itafsiri.

Nikakimbilia makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Hapo nilipoteza siku nzima. Ni mahali pa utulivu mno, nyasi zimekatwa vizuri, na ndani yake upo pia ukumbusho wa askari wasio na kaburi linalojulikana. Nilipita mstari kwa mstari nikisoma majina hadi jua likaniuma shingo. Hakuwemo, na hakupaswa kuwemo. Marubani waliopotea Afrika Mashariki bila kupatikana miili yao wameandikwa Misri, kwenye ukumbusho wa Alamein, pamoja na wenzao waliopotea Libya, Syria, Ugiriki na kwingineko. Ni wanajeshi wa anga zaidi ya 3,000. Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini anayehesabiwa miongoni mwa marubani hodari kuliko wote wa jeshi la anga la Uingereza, alipotea Ugiriki Aprili 1941, naye yuko hapo. Kwa hiyo kabla hujapanda matatu, ingia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ni ya bure mtandaoni, na unaweza kutafuta kwa tarehe na kwa jeshi hata kama huna jina kamili. Nilimpata kwa nusu saa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ndugu zake wapo.

Orodha haikuniambia alikufaje. Hilo lilitoka Pretoria, kwenye nyaraka za jeshi, na lilikuwa mistari miwili tu: alitumwa kupeleka ndege kaskazini, akaingia kwenye wingu, hakuonekana tena. Hakuna Mtaliano. Hakuna risasi.

Ami yangu mkubwa alinikasirikia. Aliniambia nimemvua yule kijana ushujaa wake. Nilimjibu kwa heshima, na bado nashikilia nilichomjibu: mtu wa miaka ishirini na mmoja, aliyekaa kwenye ndege isiyo na paa, mvua ikimpiga usoni, akiendelea kwenda alikotumwa, hahitaji nimpambe. Marubani wengi wa vita vile walimezwa na hali ya hewa, injini na milima. Ukikubali kumkumbuka mtu, mkubali na kifo alichokufa.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Rubani ana jina lake kwenye jiwe huko Misri. Vibarua waliomjazia petroli hawapo popote, na babu yangu ni mmoja wao. Nenda Barabara ya Kenyatta uitazame ile sanamu ya Waafrika watatu wa vita vya kwanza: nyuso tatu, hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba waliokufa katika vita vile na hawakuandikwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, ni 116,000 kwa uchache, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri. Nasi tunapita Kariokor kununua vyondo bila kukumbuka kwamba jina la soko hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vile. Kwa hiyo ukiandika habari za rubani, andika na aliyeshika debe, kwa majina yake yote matatu.

La mwisho ni ndugu wa marehemu. Orodha ya Tume mara nyingi hutaja wazazi na mji wao. Niliandika barua kwa kanisa la mji huo, fupi, bila kuomba kitu: mimi ni nani, babu alikuwa nani, kisu kipo, mkikitaka ni chenu. Hiyo ilikuwa 2011, babu keshafariki. Baada ya miezi minne lilikuja jibu kwa mwandiko wa kutetemeka. Dada yake mdogo alikuwa hai. Nyumbani kwao hawakupata chochote ila simu ya maandishi kwamba hajulikani aliko. Hakuniuliza kuhusu vita wala ndege. Aliuliza swali moja: siku ile alipotoa kisu, alikitoa kwa mkono upi? Shuleni, aliandika, walimu walimchapa kaka yake miaka mingi ili auache ule mkono, na mama yao alikuwa akilia.

Nilimtumia kipande kile cha kaseti, sauti ya babu, na tafsiri yake chini. Kisu alisema kibaki Majengo.