Plastiki za kuziba mashimo barabarani Nyalenda

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu cha vijana hapo Nyalenda, Kisumu, kinaweza kuyeyusha plastiki mnazookota na kuziba mashimo ya barabara ya mtaa. Wazo ni zuri. Ila nawasihi, msiyeyushe kwenye sufuria juu ya kuni. Moshi ule utawaumiza nyinyi na watoto wa jirani.

Mbinu ya Profesa Rajagopalan Vasudevan wa Madurai, India, haiyeyushi plastiki peke yake. Hukatwa vipande vya milimita chache, vikamwagwa juu ya kokoto zilizopashwa moto hadi nyuzi 170 hivi. Plastiki hulainika na kuzivika kokoto utando mwembamba, ndipo lami ya moto huongezwa. Utando huo huzuia maji kupenya kati ya jiwe na lami, na maji ndiyo huchimba mashimo. Hiyo ni kazi ya mtambo na mhandisi.

Kazi yenu ni kuchambua, na si ndogo. Mabomba ya PVC yatoeni kabisa, maana yakiungua hutoa gesi ya sumu. Tumbukizeni vipande kwenye ndoo ya maji: polithini na vifuniko vya soda huelea, PVC huzama. Vinavyoelea vikaushwe, kisha mpelekeeni mhandisi wa kaunti sampuli mkononi.

Wakati huohuo zibueni mtaro. Udongo mweusi ukilowa huvimba, na hata lami yenye plastiki itapasuka juu yake.