Shubaka la dirisha lihame na dirisha lake

SWALI: Nachora nyumba kwa Revit, programu ya kompyuta ya kuchora majengo. Ukuta una unene wa milimita 230: tofali 200, lipu 15 kila upande. Mwenye nyumba anataka kila dirisha, kwa ndani, likae katika shubaka lenye kina cha milimita 100, kutoka sakafuni hadi chini ya linta (boriti iliyo juu ya dirisha), likizidi upana wa dirisha kwa 300 kila upande. Nikihariri umbo la ukuta, unatoboka hadi nje. Nifanyeje?
Mchoraji chipukizi

JIBU: Ndugu yangu, amri hiyo haijui kina. Inachora mpaka wa ukuta unaotazamwa kwa mbele, basi unachokata kinatoka uso hadi uso. Rudisha kwanza ukuta katika umbo lake la awali.

Wengi watakwambia utengeneze umbo tupu papo hapo kwenye mradi, ukate nalo ukuta. Kwa shubaka moja, sawa. Kwa nyumba nzima, nakusihi usifanye. Niliwahi kufanya hivyo kwenye nyumba yenye madirisha 14. Mwenye nyumba akaomba ya vyumbani yasogezwe milimita 400 ili vitanda vienee. Madirisha yakasogea, mashubaka yakabaki. Niliyasahihisha kwa mkono na moja likanipita. Fundi ndiye aliyeniita, mchoro mkononi, dirisha limechomoza nje ya shubaka kwa milimita 100. Alikuwa ameshapanga kozi (safu za matofali) nne.

Umbo tupu liwe ndani ya familia ya dirisha lenyewe, yaani faili la kiolezo ambalo madirisha yote ya mradi hutokana nalo. Funga pande zake kwenye mistari ya rejea, 300 toka kila ubavu wa dirisha, kisha likate ukuta wa mfano ulio humo ndani ya familia. Lijaribu kabla ya kulipeleka kwenye mradi: dirisha la 1200 lina shubaka la 1800, ukilifanya 1500, shubaka lazima liwe 2100. Lisipokuwa, kuna upande umesahau kuufunga. Upande wa chini una mtego wake. Ukiufunga kwenye sakafu ya familia, dirisha likipandishwa kwenye mradi umbo hupanda nalo, na shubaka linaning'inia. Uwekee paramita yake, urefu wa kushuka toka kizingiti cha chini cha dirisha, inayojazwa kwa kila dirisha.

Sasa kina, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Ukikata 100, unaondoa lipu 15 na tofali 85. Tofali lililo wazi litapigwa lipu upya, 15 tena, na mwenye nyumba atabaki na shubaka la 85. Kata 115, na kwa sababu hiyo hiyo zile 300 za ubavuni zifanye 315, kisha ongeza ndani ya familia bamba la milimita 15 lenye materiali ya lipu, mgongoni na mbavuni. Bila bamba hilo, eneo la lipu halitahesabiwa. Tazama pia kinachobaki nyuma: tofali 100 kamili. Fundi atapanga tofali la inchi nne hapo, asichonge hata moja.

Linta nayo isipimwe kwa dirisha. Kwa dirisha la 1200, kwa ndani inavuka 1830, na ikikaa 150 kila upande inafika 2130. Mpelekee mhandisi wako vipimo hivyo kabla hujachora linta ya pili.